Robo ya Tatu

Saa nane mchana vanishi ilikuwa imekauka, na ule ubao ulikuwa bado haurudishi mpira.

Fundi wa sakafu aliuachia mpira wa kikapu kutoka usawa wa kifua, kama alivyofanya kila alipomaliza kazi. Kwenye mbao nyingine ulipanda hadi kiunoni. Kwenye ubao ule ulitoa mlio mzito, kama ngumi iliyopigwa kwenye godoro, ukafika gotini na kuishia hapo. Wachezaji waliuita Bubu. Ulikuwa kwenye kona ya kushoto, mbele ya jukwaa la mashabiki, na ugonjwa wake haukuwa siri: paa lilivuja msimu hadi msimu, na boriti ya chini ilikuwa imeoza. Fundi alikuwa ameomba boriti mpya. Alichopewa ni kopo la vanishi.

"Unang'aa," alisema katibu wa klabu. Alikuwa amesimama nje ya mstari, viatu vyake mkononi, kwa sababu fundi hakumruhusu mtu yeyote kukanyaga sakafu ile na viatu vya barabarani. Hilo lilikuwa jambo pekee ndani ya ukumbi ambalo fundi aliliamua yeye.

"Unang'aa, lakini umekufa."

"Wafadhili hawaji kudunda mpira, fundi. Wanakuja kukaa." Katibu alielekeza kidole upande wa pili, ambako viti vya plastiki vilikuwa vimefunikwa vitambaa vyeupe. "Wao wakitazama huku wataona sakafu inang'aa na jukwaa limejaa. Basi. Nyie jazeni jukwaa tu, mengine tuachieni."

"Mengine tumewaachia siku nyingi," alisema fundi.

Katibu alicheka, kwa sababu hakutaka kuuliza maana yake, akaenda zake.

Juu ya jukwaa la mashabiki, ukutani, vijana wa klabu walikuwa wakifunga bango jipya. Lilikuwa na picha ya mwenyekiti, kuanzia kwenye vifungo vya koti kwenda juu, ameachia meno yote. Chini yake kulikuwa na maandishi: TUNAJENGA PAMOJA. Fundi aliangalia kama limenyooka. Lilikuwa limenyooka.

Binti yake aliingia kabla ya wenzake. Alivua viatu mlangoni, akapita pekupeku, akaja kukaa sakafuni karibu na baba yake na kuanza kufunga viatu vya mchezo. Alikuwa mfupi na mwepesi, na jukwaa lilimwita Kiberiti tangu alipokuwa kwenye timu ya watoto. Alikulia kwenye sakafu hii. Fundi alipokuwa akipiga msasa upande mmoja, yeye alidunda mpira upande wa pili, na mtu aliyefumba macho angeweza kumtofautisha na wengine: mdundo wake ulikuwa wa chini, wa haraka, kama mtu anayebisha hodi akiwa na habari.

"Baba, ni kweli mtageuka leo?"

"Nani kakwambia?"

"Kinyozi amemwambia kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake. Hata kocha anajua."

"Vizuri. Ajue."

"Mkigeuka nyie, atakayelipa ni mimi. Ataniweka benchi."

"Kwani sasa hivi anakuweka wapi?"

Alikaza kamba ya kiatu zaidi ya ilivyohitajika. Msimu mzima hakuwa ameingia uwanjani. Nafasi yake ilikuwa na mpwa wa mwenyekiti, msichana mwenye adabu nzuri ambaye alipoteza mpira kila alipobanwa, kisha akaomba samahani. Pasi zake zilikwenda kwa Mlingoti, mchezaji mrefu aliyesajiliwa kwa mbwembwe na picha gazetini, ambaye alikuwa hajaonekana akiruka. Kocha alipoulizwa, jibu lake lilikuwa moja: "Bado tunajenga timu." Jukwaani hakuwa na jina jingine zaidi ya Kocha Bado.

"Leo ndiyo mechi ya mwisho hapa," alisema binti. "Wiki ijayo wanatangaza wanaobaki. Asiyecheza hata mara moja habaki, unajua. Nikipewa hata dakika mbili..."

"Hupewi." Alisema bila hasira, kama anavyomwambia mtu kwamba mbao zake zimeliwa na mchwa.

"Nikipewa. Utaniangalia?"

"Lini sikukuangalia?"

Hilo lilikuwa kweli. Tangu utotoni, alipopewa mipira ya adhabu, binti alikuwa na utaratibu wake: alidunda mara tatu, akainua uso kuutafuta wa baba yake jukwaani, akarusha. Makocha wa watoto walijaribu kumwachisha. Walishindwa, na kwa kuwa mipira iliingia, wakamwacha.

Alisimama, akaupita Bubu kwa kuuzunguka, kama walivyofanya wote wa klabu, akaenda kupasha mwili.

*

Makubaliano yalikuwa yamefanyika jioni ya juzi, kwa kinyozi.

Duka lilikuwa na viti viwili vya kunyolea na benchi moja la kusubiri, na watu waliojaa humo hawakuwa wamekuja kunyoa. Mama Ngoma, dada wa mke wa fundi, ndiye aliyekaa kwenye kiti kizuri, ngoma yake mapajani. Alikuwa muuza mayai, na ukumbi mzima ulijua mkono wake.

"Timu inajengwa miaka yote hii, hata msingi hatujauona," kinyozi alisema, mashine ikimlia mkononi. "Ingekuwa nyumba, fundi wake angekuwa ameshafungwa. Samahani, fundi."

"Endelea tu."

"Wanatuona mapambo," alisema Mama Ngoma. "Wafadhili wanakuja, wanataka ngoma ipigwe waonekane wanapendwa. Mimi sipigi. Mkono wangu unauma tangu leo."

Mtu mmoja kwenye benchi alipendekeza wasiende kabisa. Msimu uliopita walikubaliana hivyo hivyo. Siku ya mechi klabu ilileta mlangoni maboksi ya kofia za bure, na waliokuwa wamekula kiapo walipanga foleni. Fundi peke yake alibaki nje, kwenye jua, akisikiliza mechi kupitia ukutani. Wenzake walipotoka wote walikuwa na kofia. Mpaka leo, akikasirika, aliwaita watu wa kofia, na hakuna aliyembishia.

"Twende," fundi alisema. "Twende wote, tujaze kama wanavyotaka. Robo ya tatu ikianza, tunasimama na kuwageuzia mgongo. Filimbi hadi filimbi. Hakuna kelele, hakuna tusi. Wafadhili wataona wenyewe kilichopo mbele yao."

"Na kitakachotugeuza?" kinyozi aliuliza. "Maana sisi tunajijua."

"Hakuna."

"Wakileta soda?"

"Usigeuke."

"Mama mkwe akianguka kwenye ngazi?"

"Huyo hasa usimgeukie," mtu mwingine alidakia, na duka likacheka.

Fundi hakucheka. Aliinuka ili wamwone. "Sikilizeni. Hata akiingia binti yangu uwanjani, mimi sigeuki. Sasa mtu asije kuniambia habari za soda."

Walicheka tena, zaidi ya mara ya kwanza, kwa sababu kila mtu mle ndani alijua kwamba binti yake haingii. Fundi naye alijua. Ndiyo maana alisema.

*

Mechi ilianza saa kumi. Jukwaa lilijaa. Wafadhili walikaa kwenye vitambaa vyeupe, wanaume wenye mashati yaliyopigwa pasi na mwanamke mmoja aliyejipepea na ratiba. Mwenyekiti alikaa katikati yao, akiwaeleza mambo kwa mikono.

Robo mbili za kwanza zilikwenda kama zilivyokwenda mechi nyingine zote. Mpwa alipoteza mpira, akaomba samahani. Mlingoti alipokea pasi chini ya kikapu, akageuka taratibu kama anayeegesha lori, akanyang'anywa na msichana aliyemfikia begani. Kocha Bado alikunja mikono. Kila mpira uliopotea uliteremka jukwaani kama jiwe kisimani. Watu waliusikia ukifika chini. Ngoma ya Mama Ngoma ilikuwa miguuni pake, imefunikwa kanga.

"Huyu Mlingoti angalau tungemtundikia bendera," kinyozi alisema.

"Hata bendera inapepea," Mama Ngoma alijibu.

Mwishoni mwa benchi Kiberiti alikaa na fulana ya mazoezi juu ya jezi. Hakuivua.

Filimbi ya robo ya tatu ilipopigwa, fundi alisimama, akageuka. Hakuangalia kama wanamfuata. Alisikia viti vikilia, safu kwa safu, kisha ukimya mnene wa watu wengi waliofunga midomo. Walikuwa wamegeuka wote. Mbele yake, kwenye bango lililo juu ya safu ya mwisho, alikuwepo mwenyekiti na meno yake.

Hilo hawakuwa wamelipigia hesabu. Bango lilifungwa leo. Walipopanga, ukuta ulikuwa mtupu. Sasa jukwaa zima la watu waliochoshwa na mwenyekiti lilikuwa limesimama kwa heshima likimtazama usoni.

"Ametupata tena," kinyozi alinong'ona.

"Nyamaza."

Walisikia viatu vikisugua sakafu, sauti za wachezaji wakiitana, mpira ukigonga chuma. Walisikia upande wa pili ukinyamaza pia. Wafadhili walikuwa wameona. Mtu mmoja kule alicheka kicheko kifupi, akakikata. Kisha mlio wa kiti kilichosukumwa nyuma, na hatua za katibu, ambazo fundi alizijua, zikikimbia kuelekea benchi.

Filimbi. Kocha aliomba mabadiliko.

Kwanza ilikuwa mnong'ono kwenye safu ya mwisho, ambako mtu alikuwa amechungulia. Ukapanda. Kisha mtu akapiga kelele: "Kiberiti! Wamemwingiza Kiberiti!"

Viti vililia tena. Fundi alihisi upepo wa miili ikigeuka, kushoto kwake, kulia kwake, safu ya mbele, safu ya nyuma. Kelele ilizuka ambayo ukumbi haukuwa umeisikia msimu mzima. Kinyozi aligeuka akisema, "Fundi, mtoto wetu!" Mama Ngoma alikuwa wa mwisho. Alimshika fundi mkono.

"Shemeji, wamemwingiza mtoto."

"Ni kofia hizo," alisema fundi.

"Nini?"

"Kofia. Msimu uliopita walileta kofia. Leo wamemleta yeye."

Alikuwa sahihi, na Mama Ngoma alijua yuko sahihi. Aliachia mkono wake, akageuka, akafunua ngoma.

Fundi alibaki na mwenyekiti. Kwenye koti la picha kulikuwa na kifungo kimoja kilichochapwa vibaya, nusu yake nyekundu. Alikitazama hicho.

Nyuma yake mpira ulianza kudundwa chini na haraka, na hakuhitaji kuambiwa na mtu. Ulikwenda kulia, ukarudi, ukapita katikati. Pasi. Kikapu. Jukwaa lilipasuka. Mpira ukawa wa wapinzani; mdundo mwingine, wa juu, wa mtu anayejiamini. Viatu vyepesi vilimfuata mwenye mpira vikimsukumia pembeni, hatua kwa hatua, kuelekea kona ya kushoto, na fundi akafahamu anachofanya kabla hakijatokea. Mgeni hakujua. Mpira wake ulianguka juu ya Bubu, ukatoa ule mlio wa godoro, na haukupanda. Kisha mdundo wa chini, wa haraka, ukiondoka peke yake kuelekea upande wa pili, ngoma ikiufuata, na mwisho kishindo cha mwili na filimbi.

"Kasukumwa! Mipira miwili ya adhabu!"

Ukumbi ulinyamaza, kama unavyonyamaza kila mara mtu anapokwenda kwenye mstari.

Fundi alisikia mpira ukidundwa. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Kisha hakikusikika kitu.

Alijua urefu wa kimya kile. Siku zote kilikuwa kifupi kama pumzi. Hiki kilipita pumzi, kikaendelea. Kutoka pale mstarini mtu angeona jukwaa lote: nyuso, safu hadi safu, zimefumbua macho na midomo, na katikati yake mgongo mmoja wenye shati la kazi, doa la vanishi begani.

"Shemeji," Mama Ngoma alisema kwa sauti ya chini. "Anakutafuta."

Akigeuka, hapatabaki hata mmoja. Katibu atasema mashabiki walisimama kupunga upepo, na ataaminiwa, maana hapatakuwa na mtu wa kumkanusha. Hayo aliyafikiria, na yalikuwa ya kweli. Alifikiria pia kwamba shingo ya mtu inageuka kwa muda mfupi sana, na kwamba hakuna ambaye angemlaumu. Wote wangempigia makofi. Hilo la makofi ndilo lililomkaza. Alikiangalia kifungo.

Mpira uligonga chuma, ukatoka.

Jukwaa liliguna. Mwamuzi alirudisha mpira. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na papo hapo, bila kimya chochote katikati, mlio wa wavu.

Watu walishangilia. Fundi alisimama pale pale. Alikuwa amesikia mipira mingi ya adhabu ya binti yake, tangu enzi za timu ya watoto, na huo ulikuwa wa kwanza uliorushwa hivyo.

Kocha aliomba mapumziko mara tu baadaye. Jukwaa lilikuwa limegeuka, limesimama, linapiga ngoma. Wafadhili walikuwa wanatabasamu. Kazi ilikuwa imekwisha. Mchezo uliporudi, mdundo uliosikika ulikuwa wa mpwa wa mwenyekiti. Ilichukua muda kabla watu hawajaelewa, na walipoelewa walianza kuzomea, lakini wengine walikuwa bado wanashangilia, na mtu aliyekaa kwenye vitambaa vyeupe asingeweza kutofautisha.

Filimbi ya mwisho wa robo ilipopigwa, fundi aligeuka. Binti yake alikuwa mwishoni mwa benchi, taulo kichwani.

"Fundi," kinyozi alisema. Macho yalikuwa chini. "Yule mgeni alivyoibiwa mpira, ungeona... Alimpeleka kwa Bubu, wewe. Alimpeleka kama mbuzi."

"Nilisikia."

"Tulijisahau. Ni mtoto wetu, fundi. Ungefanyaje?"

Kinyozi alilisikia swali lake mwenyewe, akaanza kujikuna shingo.

Robo ya nne haikubadilisha kitu. Timu ilifungwa. Mlingoti alipeana mikono na kila mtu. Mwenyekiti aliwasindikiza wafadhili hadi mlangoni, na mwanamke mwenye ratiba alisikika akisema kwamba mashabiki wa hapa wana mapenzi ya ajabu, jinsi wanavyosimama. Kocha Bado alimwambia mtu mwenye kinasa sauti kwamba kuna dalili nzuri. Bado wanajenga.

*

Jua la jioni lilikuwa bado linaingia kwenye madirisha ya juu fundi alipoleta ndoo. Jukwaa lilikuwa tupu. Mama Ngoma alikuwa ametangulia nyumbani na ngoma yake, bila kuaga. Fundi alifagia chupa, akafagia karatasi, akaanza kupiga deki upande wa wafadhili, ambako watu walikuwa wamekaa tu, na sakafu haikuwa na kitu.

Wachezaji walitoka kwa vikundi, viatu mkononi kama ilivyo desturi, wakamwamkia. Mpwa alimwambia, "Pole, fundi. Samahani." Fundi alisema asante. Walizunguka Bubu, wakatoka.

Binti yake alitoka peke yake. Alikuwa na begi begani na viatu vya barabarani miguuni.

Fundi alisimama na mti wa deki. Binti hakukimbia na hakupunguza mwendo. Alikata uwanja moja kwa moja kutoka mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, visigino vikilia kwenye mbao ambazo hakuna kisigino kilichowahi kulia juu yake. Kwenye kona ya kushoto hakuzunguka. Aliukanyaga Bubu katikati, ukatoa mlio wake.

"Mama yako atakuwa ameshapika," fundi alisema.

Alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama hapo, mgongo kwake, akirekebisha mkanda wa begi begani. Ulikuwa umekaa sawa. Kisha alitoka, na mlango ukajifunga wenyewe taratibu, kwa sababu fundi alikuwa ameutia mafuta asubuhi ile.

Alama za viatu zilibaki, za vumbi, zimekata sakafu nzima inayong'aa. Fundi alisogeza ndoo. Alichovya tambara, akalikamua, akapiga magoti, akaanza na ile iliyokuwa karibu zaidi na mlango wa nje.